Kuulinda Mguu wa Mbele wa Ndege Ndogo ya Kujitengenezea Unapotua Katika Viwanja vya Nyanda za Juu Kusini

Katika ndege ndogo ya magurudumu matatu, mguu wa mbele ndio kiungo dhaifu kuliko vyote vinavyogusa ardhi. Katika ndege zilizojengwa na wenyewe nyumbani au kwenye karakana ndogo udhaifu huo hujitokeza mapema zaidi, kwa kuwa mara nyingi mguu wenyewe ni fimbo moja ya chuma iliyofungwa kwenye fremu ya injini. Mwongozo huu unamhusu mtu anayejenga, anayemiliki au anayerusha ndege ya aina hiyo katika mikoa ya Mbeya, Songwe, Iringa, Njombe na Rukwa, ambako viwanja vingi vidogo ni vya nyasi au changarawe, viko juu sana kutoka usawa wa bahari, na mvua za msimu huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Ukanda huu una mafundi wenye mikono. Mmoja wa Tunduma aliwahi kuvuma nchi nzima kwa helikopta aliyoiunda mwenyewe. Kwa hiyo simwandikii msomaji wa kufikirika.

Jambo moja lieleweke tangu mwanzo. Mguu wa mbele umewekwa ili kuishikilia pua ya ndege inapotembea polepole au inaposimama, na kazi ya kutua ni ya magurudumu makuu mawili yaliyo chini ya mabawa. Hatua zote zinazofuata, za karakana na za angani, zina shabaha hiyo moja ya kuhakikisha kwamba mguu wa mbele haubebeshwi kazi isiyo yake.

Jinsi mguu unavyokunjika

Wengi hudhani kwamba mguu wa mbele huvunjika tu pale ndege inapodondoka kwa kishindo. Kishindo huvunja, ni kweli, lakini ipo njia nyingine ambayo humkuta hata rubani aliyegusa ardhi kwa ulaini. Katika ndege nyingi za kujitengenezea, fimbo ya mguu hushuka kutoka kwenye fremu ya injini ikielekea mbele, kisha hupinda na kuishia kwenye egemeo la wima, na kwenye egemeo hilo hufungwa uma unaolibeba gurudumu kwa nyuma yake kidogo. Chini kabisa ya egemeo ipo nati kubwa. Nati hiyo iko mbele ya ekseli na karibu sana na ardhi.

Gurudumu likikwama kwenye shimo, tuta au udongo laini, hulazimishwa kurudi nyuma huku uzito wa ndege ukiendelea kwenda mbele, na fimbo hupinda kama springi. Kadiri inavyopinda ndivyo nati inavyoinama na kuikaribia ardhi, na ikishagusa haiviringiki tena kwa sababu haina gurudumu, bali huchimba. Kuanzia hapo rubani hana la kufanya: fimbo hukunjwa chini ya tumbo la ndege, panga la injini hupiga ardhi, na mara nyingine ndege hupinduka na kulala chali. Ni kama toroli la mjenzi linalosukumwa kwa kasi halafu likakutana na tofali.

Mwaka 2007 kampuni ya Van's Aircraft ya Marekani, ambayo vifurushi vyake vya kujengea ndege vimeenea duniani, ilitoa taarifa ya kiufundi kuhusu mguu wa mbele wa baadhi ya ndege zake, ikileta uma mpya uliopandisha nati hiyo kwa takriban inchi moja. Inchi moja inaweza kuonekana ndogo mpaka utakapoinama na kupima nafasi iliyopo kwenye ndege yako.

Hatua ya kwanza: Ijue aina ya mguu ulio nao

Mguu wa aina ya kwanza ni huo niliokwisha kuueleza, wa fimbo ya chuma na gurudumu linalojizungusha lenyewe pande zote bila kuunganishwa na pedali. Rubani huelekeza ndege kwa kukanyaga breki ya upande mmoja. RV-7A ni mfano wake. Mguu wa aina ya pili huteleza juu na chini ndani ya vishikizo, ukizuiwa na kamba nene ya mpira, na gurudumu lake limeunganishwa na pedali za usukani wa mkia kwa vyuma. Zenith CH 701 na CH 750 ziko hivyo.

Tofauti hii ina maana kubwa wakati wa kutua. Mwenye mguu wa kwanza aogope zaidi nati na mtikisiko wa gurudumu. Mwenye mguu wa pili aogope zaidi kuligusisha gurudumu likiwa limekata kona, kwa kuwa anapotua katika upepo wa ubavuni akiwa amekanyaga pedali moja, gurudumu la mbele nalo limegeukia upande huo. Huyu wa pili hana budi kurudisha pedali katikati sekunde chache kabla pua haijashuka.

Hatua ya pili: Pima mzigo unaolikalia gurudumu la mbele

Ipime ndege kwa mizani tatu, moja chini ya kila gurudumu, ikiwa imesawazishwa kama inavyokaa inaporuka. Pima ikiwa tupu, kisha pima tena ikiwa na rubani na mafuta, kwa sababu kipimo hiki cha pili ndicho kinachoeleza hali halisi ya siku ya kutua.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme ndege ina kilo 700, umbali kati ya gurudumu la mbele na magurudumu makuu ni mita 1.5, na kitovu cha uzito, yaani mahali ambapo ndege nzima ingesawazika ikiegemezwa, kiko sentimita 20 mbele ya magurudumu makuu. Zidisha 700 kwa 0.2, gawanya kwa 1.5, utapata karibu kilo 93. Huo ndio mzigo wa gurudumu la mbele ndege ikiwa imesimama. Kitovu kikisogea mbele hadi sentimita 30, mzigo unakuwa kilo 140, yaani umepanda kwa nusu bila ndege kuongezeka hata kilo moja.

Sasa kanyaga breki. Ikiwa breki zinatoa nguvu ya kuzuia iliyo sawa na asilimia 30 ya uzito, na kitovu cha uzito kiko sentimita 90 juu ya ardhi, kilo nyingine 126 huhamia mbele. Jumla inakuwa karibu kilo 219, zaidi ya mara mbili ya mzigo wa kusimama, na bado hatujakutana na shimo lolote. Namsihi kila mwenye ndege aifanye hesabu hii kwa vipimo vya ndege yake mwenyewe, maana namba zikishakaa kichwani mguu wa rubani hauwi mwepesi tena kukanyaga breki.

Wanaofunga injini nzito au panga la chuma mahali pa lile la mbao huongeza mzigo wa mbele pasipo kutambua. Ukikuta kipimo kimekaribia kikomo cha mchoraji wa ndege, yaani aliyeisanifu, tafuta kitu cha kuhamishia nyuma, kwa mfano betri, kisha pima upya. Usivuke kikomo cha nyuma cha kitovu cha uzito kwa nia ya kuuokoa mguu, kwa sababu ndege yenye mkia mzito haitawaliki angani, na hilo ni baya kuliko mguu uliopinda.

Hatua ya tatu: Kazi ya karakana

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi.

Anza na nafasi ya nati. Ndege ikiwa na mzigo wake kamili juu ya sakafu iliyonyooka, pima kwa rula kutoka sehemu ya chini kabisa ya nati au uma hadi sakafuni, na uandike. Kisha toa upepo wote kwenye tairi la mbele na upime tena. Hicho ndicho kitakachobaki siku tairi likipata pancha katikati ya kutua. Kama kipimo cha pili hakipitishi hata kidole, fikiria kufunga tairi kubwa zaidi au uma ulioboreshwa, iwapo mchoraji wa ndege anaruhusu.

Upepo wa tairi upimwe asubuhi kabla jua halijapasha mpira, na uwe ule ulioandikwa kwenye mwongozo wa ndege yako. Tairi laini huishusha nati na kulifanya gurudumu liwe zito kuviringika, ilhali tairi gumu mno hurusharusha pua na kuchochea mtikisiko. Geji itakusomea tofauti ukitoka Mbeya mjini kushuka Kyela, kwa sababu shinikizo la hewa ya nje hubadilika pamoja na mwinuko, na joto nalo huvuta upande wake. Kwa hiyo pima pale unapoondokea, na upime tena unapolala.

Fuata beringi. Inua pua kwa kuuwekea mkia uzito au kwa jeki iliyowekwa mahali palipoelekezwa, kisha zungusha gurudumu kwa mkono. Linapaswa kuzunguka kwa ulaini bila kukwaruza na bila kusimama ghafla. Likamate juu na chini ulitikise, lisicheze. Kosa la kawaida ni kuikaza nati ya ekseli kupita kiasi, hadi sili na vipande vya kutenganishia vinabanana na gurudumu linakuwa limefungwa nusu breki muda wote. Gurudumu zito namna hiyo huivuta fimbo nyuma kila linapogusa ardhi, hata kwenye lami safi. Safisha beringi, paka grisi mpya, na baada ya msimu wa mvua rudia kazi hii hata kama husikii sauti yoyote, kwa sababu maji ya tope huingia kimya.

Kwa mguu wa gurudumu linalojizungusha lenyewe, kipimo cha msuguano wa egemeo ni cha lazima. Pua ikiwa imeinuliwa, chukua mizani ya kuning'iniza, ya aina ile ile wanayopimia nyama buchani, ifunge kwenye ekseli na uvute kwa ubavu taratibu, ukisoma namba pale uma unapoanza kugeuka. Kwa ndege za Van's za aina hii kipimo kinachotakiwa ni ratili 22, yaani kilo 10 hivi. Kwa ndege nyingine fuata maelezo ya mchoraji wake. Ukipata pungufu, gurudumu litatetemeka kushoto na kulia mara pua inaposhuka, na mtetemo huo huichosha fimbo kuliko kutua kwa nguvu mara moja. Ukipata zaidi sana, ndege itakuwa ngumu kukata kona na utajikuta unatumia breki nyingi. Kaza nati ya egemeo kidogo kidogo mpaka washa za springi zitoe msuguano unaotakiwa, kisha weka kotapini mpya, pini inayoizuia nati isilegee. Kotapini ya zamani haikunjwi mara ya pili. Baada ya saa chache za kwanza za kuruka rudia kipimo, kwa sababu washa mpya hujilaza na msuguano hupungua.

Mwisho ni nyufa. Osha fimbo yote, pale inapoingia kwenye fremu ya injini, tundu la bolti iliyo juu yake, na sehemu zote zilizochomelewa. Tumia tochi na kioo kidogo. Ufa mchanga huonekana kama unywele mweusi wa mafuta, au kama mstari wa kutu unaotoka chini ya rangi, au kama rangi iliyomeguka mahali ambapo hapajagongwa. Ndiyo maana naipendelea fimbo iliyopakwa rangi nyeupe kuliko nyeusi, ingawa nyeupe huchafuka upesi. Palipo na shaka, tumia rangi ya kupenya nyufa. Tazama pia ukuta wa bati ulio nyuma ya injini, hasa upande wa chini: bati lililojikunja au ribiti zilizolegea humaanisha kwamba mguu umekwisha kupigwa, hata kama fimbo yenyewe inaonekana imenyooka.

Wenye mguu wa kamba ya mpira waikague kamba hiyo kwa kuivuta na kukitazama kitambaa chake cha nje. Jua na mafuta ya injini huila. Mpira uliochoka huufanya mguu ugonge mwisho wa safari yake, na kuanzia hapo kila tuta linahesabiwa na chuma.

Hatua ya nne: Kagua uwanja kwa miguu

Rubani wa Nyanda za Juu ana adui mmoja ambaye vitabu vya ng'ambo havimtaji sana, naye ni fuko. Mkulima wa viazi wa Njombe au Uporoto anamfahamu vizuri. Kwenye uwanja wa nyasi, fuko huinua vichuguu vya udongo vya ukubwa wa karai, ambavyo asubuhi huwa na udongo mbichi mweusi unaoonekana kirahisi, lakini baada ya siku chache za jua hukauka, vikafanana na nyasi, na kuwa vigumu. Tena kichuguu unachokiona ni nusu tu ya hatari. Chini yake lipo handaki, na gurudumu dogo la mbele likipita juu ya handaki lililolainishwa na mvua, paa lake huporomoka na gurudumu huzama. Kwa hiyo usikisawazishe kichuguu kwa koleo tu ukaondoka. Fukua handaki, jaza udongo, shindilia kwa shindilio, na utie alama ya chokaa upitie tena siku inayofuata.

Tembea uwanja mzima, kwenda na kurudi, ukipita mahali ambapo gurudumu la mbele litapita. Kanyaga kwa kisigino kila baada ya hatua kadhaa. Kisigino kikizama, gurudumu nalo litazama. Angalia njia za ng'ombe, mifereji iliyochimbwa na maji ya mvua, mikokoto ya matrekta katika mashamba ya chai ya Mufindi, na ukingo wa pale lami au zege linapokutana na nyasi. Ukingo huo ukiwa na kimo cha sentimita chache tu unatosha kulikwamisha gurudumu dogo. Nyasi zisizidi takriban asilimia 30 ya kipenyo cha gurudumu. Kwa gurudumu la inchi 11 hiyo ni sentimita nane hivi. Kipimo kingine kinachokubalika ni kuendesha gari katikati ya uwanja kwa kilomita 50 kwa saa: kama abiria analalamika, mguu wa mbele nao utalalamika.

Ukiwa unakwenda uwanja wa mbali, usitegemee uliyoyaona mwezi uliopita. Mpigie simu mlinzi au mtu anayeishi jirani na uwanja. Baada ya shikamoo na marahaba, muulize maswali yenye jibu la wazi: mvua ilinyesha lini, ng'ombe wamepita, fuko wameinuka upande gani. Swali la jumla kama "uwanja mzima, mzee?" huleta jibu la jumla, kwa kuwa hakuna mzee atakayekuambia uwanja wake ni mbovu.

Msimu wa mvua ondoa vifuniko vya plastiki vinavyozunguka magurudumu. Hupendeza na huongeza kasi kidogo, lakini hujaa tope na nyasi, na tope likishikamana ndani yake gurudumu hufungwa kabisa.

Hatua ya tano: Kasi ya kujia uwanja katika mwinuko

Uwanja wa zamani wa Mbeya uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Nduli, Iringa, uko zaidi ya mita 1,400, Songwe zaidi ya mita 1,300, na Njombe unakaribia mita 2,000. Mchana wa Oktoba, joto likiwa nyuzi 24 katika mwinuko wa ule uwanja wa zamani wa Mbeya, hewa huwa nyepesi kama ya mwinuko wa futi 8,000 hivi (karibu mita 2,400) katika hali ya kawaida.

Hii inauhusu mguu wa mbele moja kwa moja. Chukua ndege ambayo mabawa yake huishiwa nguvu ya kubeba kwenye kilomita 80 kwa saa. Kasi ya kujia uwanja, kwa kanuni ya kuzidisha kwa 1.3, ni kilomita 104 kwa saa kwenye kipima kasi, na namba hiyo haibadiliki uwe Pangani au Mbeya. Lakini katika hewa ya futi 8,000, namba ile ile kwenye kipima kasi humaanisha kwamba ndege inakwenda karibu kilomita 117 kwa saa. Kwa kuwa nguvu ya mwendo hupanda kwa mraba wa kasi, ndege inafika ardhini na nguvu iliyozidi kwa zaidi ya robo. Ukitua na upepo wa kilomita 10 kwa saa ukiwa mgongoni, nguvu hiyo inakaribia mara moja na nusu ya ile ya pwani bila upepo. Shimo ambalo Bagamoyo lingeitingisha pua tu, huku linaweza kuikunja.

Rubani aliyezoea pwani huona ardhi inakimbia mno chini yake, naye kwa hofu hupunguza kasi chini ya kiwango, ndege ikaishiwa nguvu mita mbili juu ya nyasi na kudondoka. Mwingine hufanya kinyume: huongeza kasi "kwa usalama", ndege ikakataa kukaa chini, naye akailazimisha kwa kusukuma usukani mbele hadi gurudumu la mbele likagusa kwanza. Kosa hili la pili ndilo ninaloliogopa zaidi. Dawa ya yote mawili ni kukiamini kipima kasi na kushika 1.3, bila kujali macho yanasema nini juu ya kasi ya ardhi.

Chagua saa. Asubuhi hewa ni nzito na imetulia. Mchana upepo huamka, hasa miezi ya Juni hadi Agosti, na maeneo kama Makambako yanajulikana kwa upepo wake. Hata hivyo asubuhi ya Mufindi au Njombe ina ukungu, na nyasi zenye umande huteleza, kwa hiyo breki hazishiki na utahitaji urefu zaidi wa uwanja. Usiruke mapema mno kwa kuukimbia upepo ukaangukia kwenye ukungu.

Hatua ya sita: Kugusa ardhi na kukimbia

Unapokaribia ardhi, punguza nguvu ya injini na uivute fimbo ya usukani nyuma taratibu, ndege ikiwa inapita sambamba na ardhi, ukiizuia isiguse mapema. Magurudumu makuu yaguse kwanza, pua ikiwa juu kiasi kwamba ukichungulia mbele upeo wa macho unafichwa na kifuniko cha injini. Usikubali magurudumu yote matatu yaguse kwa pamoja, hata kama watu wanaotazama watasema umetua vizuri.

Baada ya kugusa, kazi haijaisha. Endelea kuvuta fimbo nyuma kadiri kasi inavyopungua, ili mkia uendelee kuishikilia pua juu mpaka hewa yenyewe iishiwe nguvu na pua ishuke kwa hiari yake. Wengi huachia fimbo mara tu wanaposikia magurudumu makuu yamegusa, na pua huanguka kwa uzito wake wote ndege ingali na kasi kubwa. Pua ikishashuka, fimbo ibaki nyuma kabisa hadi ndege isimame.

Breki zisiguswe kabla pua haijashuka, na zikiguswa ziwe nyepesi. Kumbuka zile kilo 126. Kama uwanja ni mfupi kiasi kwamba huwezi kusimama bila kukanyaga breki kwa nguvu, uwanja huo haukufai kwa siku hiyo.

Hatua ya saba: Ndege ikidunda

Ndege ikigusa na kurudi hewani, mkono utatamani kuisukuma pua chini ili urudi haraka ardhini. Usiufuate. Ukisukuma, gurudumu la mbele litagusa kwanza, pua itarushwa juu zaidi, utasukuma tena, na kila mdundo utakuwa mkali kuliko uliotangulia hadi mguu ukatike.

Mdundo mdogo: ishikilie pua ilivyo, ongeza nguvu ya injini kidogo, uiache ndege ishuke tena kwenye magurudumu makuu. Mdundo mkubwa, au mdundo wa pili wa aina yoyote: ongeza nguvu ya injini hadi mwisho na upae tena. Katika mwinuko wa Mbeya uamuzi huu hauna budi kufanywa mapema, kwa sababu injini isiyo na turbo katika hewa ya futi 8,000 hutoa karibu robo tatu tu ya nguvu yake ya pwani, na ndege itapanda kwa uvivu. Kwa injini yenye mkono wa kurekebisha mchanganyiko wa mafuta na hewa, mchanganyiko uwe umekwisha kupunguzwa kulingana na mwinuko kabla hujaanza kuujia uwanja. Ukiuacha mzito kama wa Dar es Salaam, injini itakohoa pale pale unapoihitaji.

Kutembea ardhini

Miguu mingine huvunjikia kwenye njia ya kwenda kuegesha. Tembea kwa mwendo wa mtu anayeharakisha, si zaidi, fimbo ya usukani ikiwa nyuma. Ikiwa upepo mkali unatoka nyuma ya ndege, fimbo isikae nyuma, kwa sababu upepo utaingia chini ya bawa dogo la mkia na kuuinua mkia, na uzito utahamia mbele. Irudishe katikati au mbele kidogo na upunguze mwendo. Mtaro uuvuke kwa mshazari ili magurudumu yashuke moja moja, na palipo na shaka zima injini, shuka, usukume kwa mkono.

Baada ya kutua kwa kishindo

Usiruke tena siku hiyo kabla hujarudia ukaguzi wa nyufa, kipimo cha nafasi ya nati, na ukaguzi wa ukuta wa bati. Weka rula pale pale ulipopimia mwanzo. Nati ikiwa imeshuka hata milimita chache huku upepo wa tairi uko sawa, fimbo ya mguu imepinda.

Fimbo iliyopinda haipelekwi gereji kunyooshwa kwa moto. Chuma chake kimepewa ugumu kwa kupashwa na kupozwa kwa kipimo maalumu kiwandani, na moto wa gesi wa fundi wa kuchomelea, hata awe hodari namna gani, huuondoa ugumu huo bila kuacha alama yoyote ya nje. Inang'olewa na kuwekwa mpya. Kama panga liligusa ardhi, japo kwa ncha, injini nayo inafunguliwa na shafti yake kukaguliwa kwa utaratibu wa mtengenezaji, kabla ya kuwashwa. Ndege ikiwa imeharibika au mtu ameumia, isisogezwe kabla taarifa haijafika kwa mamlaka za usafiri wa anga, isipokuwa kwa kumwokoa mtu.

Kisha andika kwenye kitabu cha ndege: tarehe, uwanja, hali ya nyasi au changarawe, upepo, uzito uliokuwamo, msuguano wa egemeo, na nafasi ya nati kabla na baada. Fundi atakayeifungua ndege hiyo mwaka ujao, ambaye huenda si wewe, ataanzia kwenye ukurasa huo.